Ukoko Mweupe Bwawani: Tatizo Ni Maji, Si Kijana wa Bwawa

Waungwana, leo tuongelee mabwawa ya kuogelea. Ndiyo, najua. Kuna mtu anasoma hapa huku ndoo zake zimepanga foleni bombani, anajiuliza huyu mwandishi leo amekula nini. Vumilia kidogo. Bwawa la mwenye nacho lina mambo mawili yanayotugusa hata sisi tusio nalo: maji ya ardhini ambayo tunayachota wote, na mapafu ya kijana wa rika letu anayelipwa kulisugua.

Siku hizi bwawa si la balozi na hoteli peke yake. Pita Masaki, Mbezi Beach, Kigamboni, panda mpaka Goba. Nyumba za kupangisha kwa siku zinatangazwa kwa picha ya bwawa kwanza, kitanda baadaye. Sherehe za kuzaliwa zimehamia huko, hata za watoto wa miaka miwili wasiojua kuogelea. Sasa ukialikwa, acha kidogo kupiga picha, sogea ukingoni uangalie pale maji yanapogusana na marumaru. Kama bwawa lina umri wa mwaka au miwili na linajazwa maji ya kisima, kuna uwezekano mkubwa utaona mkanda mweupe umezunguka bwawa zima. Pitisha kidole. Unakwaruza kama msasa. Kwenye ngazi kuna mabaka, na kwenye midomo ya mabomba yanayorudisha maji kuna vinundu kama mchele uliogandia sufuriani.

Wengine wanauita chumvi, wengine magadi, wengine wanasema ni uchafu tu. Mimi nitauita ukoko, kwa sababu ndivyo ulivyo. Na ni ndugu wa damu wa ule ulioko ndani ya birika lako la umeme hapo chumba cha kupanga, ule unaobanduka na kuelea kwenye chai.

Mwenye bwawa akiuona ukoko huo hajiulizi maji yake yametoka wapi. Anamwita kijana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ule weupe mbona bado upo?"

"Nimesugua mzee, unarudi."

"Unarudi? Wewe ndiye unayerudi kulala! Kesho nisiuone."

Hapo ndipo ugomvi wangu na wenye mabwawa unapoanzia. Kijana amesema kweli tupu. Unarudi.

Tuanze na ardhi. Sehemu kubwa ya ufukwe wa Dar es Salaam, kuanzia Oysterbay hadi Msasani na kwingineko, imekaa juu ya mawe ya matumbawe ya kale, yaani chokaa iliyotokana na viumbe wa bahari. Maji ya mvua yakizama ardhini hubeba hewa ya kaboni dayoksaidi, yakawa na ukali kidogo, kama soda iliyopoa. Ukali huo unatosha kuyeyusha chokaa polepole. Kwa hiyo maji yanayovutwa na pampu kutoka kisimani yanaonekana maangavu kama machozi, kumbe yamebeba jiwe ndani yake. Bibi zetu walikuwa na kipimo chao cha maji ya namna hii: maji yanayokataa sabuni. Unafua, povu halitoki, nguo inabaki na utando. Wataalamu wanayaita maji magumu.

Jiwe hilo linabaki limeyeyuka mradi ile hewa imo ndani ya maji. Maji yakifika juani, yakapigwa na upepo, yakachezewa na watoto au kurushwa na vile vichemchemi vya mapambo, hewa inatoroka, kipimo cha pH kinapanda, na chokaa inarudi kuwa jiwe. Joto nalo linasaidia, kwa sababu chokaa, tofauti na sukari kwenye chai, huyeyuka vibaya zaidi kadiri maji yanavyopata moto. Ndiyo maana birika ndilo linaloumia mapema kuliko ndoo.

Aliyewahi kutembelea mapango ya Amboni kule Tanga ameiona kazi hii kwa macho yake. Zile nguzo za mawe zinazoning'inia darini na zile zinazoota kutoka chini zimejengwa kwa tone moja baada ya jingine, kwa kanuni hii hii. Tofauti ni kwamba Amboni imechukua muda usiohesabika kwa kalenda zetu, wakati bwawa la Mbezi Beach linafanya haraka kwa sababu tunalisaidia.

Tunalisaidiaje? Tupige hesabu, maana hesabu ndiyo imenifanya niandike.

Chukua bwawa la kawaida la nyumbani: urefu mita 8, upana mita 4, kina cha wastani mita moja na nusu. Hayo ni maji lita 48,000. Chukulia kisima chenye ugumu wa miligramu 400 kwa lita, kiasi ambacho kwa kisima cha pwani si cha kushangaza. Siku ya kwanza ya kujaza bwawa, tayari umetia ndani kilo 19 za madini. Hujaanza kuogelea.

Kisha jua linaanza kazi. Tukisema linakausha milimita 5 kwa siku, bwawa hilo linapoteza lita 160 kila siku, karibu lita 4,800 kwa mwezi. Mvuke unapaa mtupu, jiwe linabaki. Unafungulia kisima ufidie, unaleta jiwe jingine. Baada ya miezi kumi bwawa limekunywa tena ujazo wake wote na madini yamekuwa kilo 38. Na kwa vile kukauka kunafanyika juu, pale kwenye mstari wa marumaru unaolowa na kukauka mara kadhaa kwa siku, ndipo ukoko unapochagua kukaa kwanza.

Bado kuna klorini. Ile ya unga inayouzwa kwenye ndoo za plastiki mara nyingi ni haipokloraiti ya kalsiamu. Sikia jina lake: kalsiamu. Unatia dawa ya kuua vijidudu na papo hapo unaongeza chokaa, halafu unapandisha pH. Kila kilo ya unga ule wenye nguvu ya asilimia 65 inaacha majini karibu nusu kilo ya ugumu. Ukitia gramu 150 kwa siku, ndani ya miezi kumi umeongeza kilo 20 nyingine. Jumla inakaribia kilo 58. Hata ukitoa yale yanayomwagika wakati wa kusafisha chujio na yanayorushwa nje na watoto, bosi anaogelea ndani ya kitu kinachokaribia mfuko mzima wa saruji, anamlaumu mfagiaji.

Kijana naye anafanya nini? Anatumwa duka la vifaa vya ujenzi kununua tindikali.

Sisi waandishi wa habari neno hilo hatulisikii kirahisi. Januari 2008 Saed Kubenea wa gazeti la MwanaHalisi alivamiwa ofisini na kumwagiwa tindikali usoni, na tangu hapo neno likawa na sura. Lakini tindikali ya haidrokloriki inabebwa kwenye bodaboda kila wiki ndani ya chupa iliyokuwa ya maji ya kunywa, haina hata karatasi ya kueleza ni nini, inaingia getini na kuwekwa kwenye kibanda cha pampu. Kibanda hicho kina mlango mmoja, hakina dirisha, na ndani yake kuna ndoo ya klorini na pengine dumu la petroli ya jenereta. Mwenye nyumba hajawahi kuingia humo. Angeingia, angehama yeye.

Nimekaa na kijana mmoja anayefanya kazi hii, jina lake naliacha. Anatunza mabwawa manne. Vifaa vyake vya kujikinga ni leso aliyojifunga puani na kandambili. Aliniambia vidole vinamwasha usiku na kwamba kuna siku alimwaga tindikali kwenye marumaru ambayo asubuhi yake alikuwa amenyunyizia klorini; akaona kimoshi, kifua kikambana, akatoka mbio akakaa chini ya mwembe mpaka jioni. Siku hiyo alikatwa posho kwa sababu kazi haikuisha. Alivyokuwa anahadithia alikuwa anacheka.

Mimi sikucheka. Klorini ya bwawani ikikutana na tindikali hutoa gesi ya klorini. Ni gesi ile ile ambayo jeshi la Ujerumani liliwafungulia wanajeshi wa upande wa Ufaransa karibu na Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, na dunia ikaiita silaha. Na ile klorini ya unga ikichanganyika na petroli au mafuta inaweza kuwaka moto yenyewe. Tuna Sheria ya kusimamia kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka 2003, iliyo chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na mwaka huo huo ikaja Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Sheria zipo. Geti la nyumba nalo lipo, na ndani ya geti sheria ni bosi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hatari yote hiyo haizai matunda. Tindikali haiondoi chokaa bwawani. Inaiyeyusha tu. Ule mchemko na povu unaoliona ni kaboni dayoksaidi ikitoka. Kalsiamu yenyewe inateremka majini, inasubiri pH ipande tena, inarudi ukutani. Kijana anahamisha jiwe kutoka ukutani kwenda majini na jua linalirudisha kutoka majini kwenda ukutani. Na kila safari tindikali inakula pia saruji iliyo katikati ya marumaru, kwa hiyo ukuta unazidi kuwa na mikwaruzo na vishimo, na ukoko unapenda sana mahali penye mikwaruzo.

Wapo wanaouziwa dawa za kushika madini yasiganda. Si uongo, zinafanya kazi, ila klorini na jua vinazivunja taratibu na inabidi utie tena na tena, huku chokaa ikiwa pale pale. Ukiacha kutia, deni lote linadaiwa kwa siku moja.

Basi mtu mwenye bwawa afanye nini? Kwanza ajue anapambana na nini. Chukua siki ya jikoni, dondoshea ukoko. Ukitoa vipovu, ni chokaa ya kawaida na unatibika. Usipotoa kitu, huenda ni silika, na hapo tindikali ya kawaida hata ndoo nzima haitakusaidia, utaishia kumuumiza mtu bure.

Pili, apime maji ya kisima kabla ya kujaza bwawa, si baada ya miaka miwili. Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji, Dar es Salaam ikiwemo. Mtu ametumia mamilioni kwa marumaru na taa za rangi zinazowaka chini ya maji, kisha anaona uchungu kulipia kipimo cha chupa moja ya maji. Hii mimi naiita ulimbukeni, na nisameheni.

Namba za kushika si nyingi. Kipimo cha pH kiwe kati ya 7.2 na 7.8. Ugumu wa kalsiamu kati ya miligramu 200 na 400 kwa lita. Kuna kipimo cha tatu ambacho wauza dawa hawapendi kukieleza, nacho ni uwezo wa maji kuhimili ukali, ambao wengi wanapendekeza uwe kati ya 80 na 120. Hivi vitatu, pamoja na joto, ndivyo vinavyoamua kama maji yataota ukoko au yatakula kuta. Profesa Wilfred Langelier wa Chuo Kikuu cha California aliviweka kwenye hesabu moja mwaka 1936, kwa ajili ya mabomba ya maji ya mjini, na hadi leo mafundi wa mabwawa duniani wanaitumia. Jibu likiwa sifuri, maji yametulia. Likipanda juu ya sifuri yanaota ukoko, likishuka chini yanatafuna saruji na chuma.

Mtu asiye na muda wa hesabu, ashike pH peke yake na atakuwa amepona nusu ya ugonjwa. Na faida yake si ukoko tu. Maji yakiwa na pH 7.5, karibu nusu ya klorini iko katika hali ile inayoua vijidudu kwa nguvu. Yakipanda kufika 8, inabaki karibu robo au pungufu. Kwa hiyo yale maji ya buluu yanayoota ukoko ndiyo hayo hayo yenye klorini iliyolala, na watoto wenu ndiyo wanayameza.

Kushusha pH bado kunahitaji tindikali, sikatai. Ila ni kidogo, kila mara kidogo, jioni wakati hakuna mtu bwawani na pampu inazunguka. Unatia maji kwenye ndoo kwanza, kisha tindikali juu ya maji, kamwe si maji juu ya tindikali. Glavu ndefu, miwani, buti, na upepo ukiwa mgongoni. Klorini inasubiri saa kadhaa, na inakaa chumba tofauti. Gharama ya vifaa hivyo vyote haifiki ya kreti chache za bia za hiyo sherehe ya wikiendi.

Kama ugumu umeshavuka mpaka, dawa ya kweli ni moja: toa sehemu ya maji, ingiza yaliyo laini. Hapa ndipo moyo wangu unapokuwa mzito. Nusu ya bwawa letu la mfano ni lita 24,000, yaani ndoo 1,200 za lita 20. Nenda kawaambie watu wa mtaa wenye foleni bombani kwamba ndoo 1,200 zimemwagwa mtaroni leo kwa sababu marumaru zilipoteza mng'aro. (Na asimwage yote wakati wa masika. Maeneo ya karibu na bahari maji ya ardhini hupanda sana, na bwawa tupu linaweza kusukumwa juu likapasuka kama kikombe.)

Kwa hiyo kabla ya kumwaga, azuie. Turubai juu ya bwawa usiku na siku lisipotumika linapunguza ukaukaji, na ukaukaji ukipungua, kisima kinapumzika. Halafu kuna kitu tunachokiona kikiporomoka mtaani kila Aprili na kukiita kero: mvua. Maji ya mvua karibu hayana kalsiamu kabisa. Dar es Salaam inapata takriban milimita 1,000 na zaidi kidogo kwa mwaka. Paa la mita za mraba 100, hata likipoteza sehemu ya tano, linakupa lita 80,000. Hizo zinazidi yale yanayokauka bwawani kwa mwaka mzima. Tatizo ni kuyatunza kutoka masika hadi Februari, maana si kila mtu ana tangi kubwa, lakini mtu aliyechimba shimo la lita 48,000 la kuogea asinieleze kuwa nafasi ya tangi amekosa. Tahadhari moja tu: asijaze bwawa jipya kwa maji ya mvua matupu. Maji laini sana yana njaa, yatatafuta kalsiamu kwenye saruji ya kuta. Achanganye na ya kisima.

Nasikia mtu akisema, kisima ni changu, nimechimba kwenye kiwanja changu. Kiwanja ni chako, ndugu yangu. Maji yaliyo chini hayasomi hati. Uchimbaji wa visima jijini uliongezeka sana baada ya ukame wa 1997, na watafiti wameshaonyesha kwamba kwenye ukanda wa pwani, kadiri tunavyovuta maji matamu ndivyo bahari inavyosogea chini kwa chini kuziba pengo. Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na mgawo wa maji ukatangazwa, jiji zima liligeukia visima. Siku hiyo kisima chenye maji ya kunyweka ni hospitali, ni shule, ni nyumba ya jirani. Kikishaingiwa na chumvi ya bahari hakitengenezeki kwa mwezi wala kwa mwaka.

Sisemi watu wasiwe na mabwawa. Mtu ametafuta hela yake, aogelee. Wengine wetu tunasubiri mwaliko, tusijifanye. Ninachosema ni kwamba anayemiliki bwawa anamiliki na kemia yake. Hawezi kujitwalia picha ya jua likizama na glasi mkononi, halafu kemia akamwachia kijana wa darasa la saba mwenye leso puani, tena bila kumwambia kilichomo kwenye chupa.

Yule kijana wa mabwawa manne sasa ana matatu. Tajiri wa nne amemwachisha kazi mwezi uliopita kwa sababu weupe ulirudi. Amemchukua mwingine, na huyo mpya siku ya kwanza ametumwa dukani kununua tindikali lita kumi. Nilipita kwenye duka moja la namna hiyo juzi nikaulizia vijiti vya kupimia maji ya bwawa. Vilikuwepo. Muuzaji alipanda kwenye ngazi kuvifuata rafu ya juu, akapuliza vumbi, akaniambia mimi ni mtu wa kwanza kuviulizia tangu aajiriwe.